SIHIRI YENYE SHERIA: WASOMAJI WANAVYOKISIA SIRI ZA COSMERE

Mpenzi msomaji, ukiwakuta vijana wawili bwenini wakibishana kama mtu aliyemeza chembe za chuma anaweza kumshinda mtu aliyevuta nuru ya dhoruba kifuani, tafadhali usikimbie kumwita mwalimu wa zamu. Hawajashikwa na wazimu, wala hawajajiunga na waganga. Wanazungumzia Cosmere, yaani ule ulimwengu wa kubuni ambamo mwandishi Mmarekani, Brandon Sanderson, amekuwa akizipanga riwaya zake tangu mwaka wa 2005 ilipotoka Elantris. Kwa mtu wa nje ubishi wao ni porojo tupu. Mimi nasema si porojo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nilimalize suala la jina, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na walimu wetu hawatanisamehe. Neno "uchawi" kwetu ni zito. Mchawi ni mtu wa usiku, na anayepachikwa jina hilo kijijini aweza hata kuuawa. Silo ninalolikusudia. "Kiinimacho" nalo halifai, kwa kuwa kiinimacho ni kuyadanganya macho, ilhali katika riwaya hizi mambo hutendeka kweli kweli. Nimechagua "sihiri". Mwenye neno bora na alilete, tutalijadili mkutanoni.

Haya basi. Cosmere ni kundi la sayari, na karibu kila sayari ina hadithi zake na sihiri yake. Kuna Sel, ambako ndiko kwenye mji wa Elantris. Kuna Scadrial, sayari ya riwaya za Mistborn zilizoanza mwaka wa 2006. Kuna Nalthis katika Warbreaker ya mwaka wa 2009, na kuna Roshar, sayari ya dhoruba kali, iliyofunguliwa na The Way of Kings mwaka wa 2010. Ukisoma kitabu kimoja tu utakielewa vizuri bila vingine. Lakini ukisoma viwili au vitatu, unaanza kuona nyuzi. Zamani mno palikuwa na uwezo mmoja mkuu ulioitwa Adonalsium. Uwezo huo ulivunjwa vipande 16, na kila kipande kikashikwa na mtu mmoja na kuwa na tabia yake: kimoja Uhifadhi, kingine Uangamizi, kingine Heshima, na kadhalika. Washikaji wakatawanyika kwenye sayari mbalimbali. Kwa hiyo sihiri zote hizi, hata zikionekana tofauti kama usiku na mchana, zinachotwa kisima kimoja kwa kata tofauti.

Hapo ndipo kukisia kunapoanza kuwa kazi ya akili. Chukua hekaya zetu za jini wa chupani. Jini akitoka, anajenga kasri kwa usiku mmoja, anamleta binti mfalme, anahamisha mlima. Tunafurahi, lakini hakuna wa kukisia atafanya nini kesho, maana anaweza lolote. Sanderson alifuata njia nyingine. Katika insha aliyoiandika mwaka wa 2007 alieleza kanuni yake ya kwanza: mwandishi anaweza kumwokoa shujaa kwa sihiri kwa kadiri tu ambavyo msomaji anaielewa sihiri hiyo. Baadaye akaongeza kwamba mipaka ya uwezo inavutia kuliko uwezo wenyewe. Yaani mwandishi amejifunga kamba mwenyewe, na ncha ya pili akampa msomaji.

Tazama Scadrial. Kuna watu wanaomeza chembe za metali na "kuzichoma" tumboni ili kupata uwezo. Anayechoma chuma huvuta vyuma vilivyo karibu naye. Anayechoma feleji huvisukuma. Sasa, ukisukuma sarafu inayoelea hewani, sarafu inaruka. Lakini ukiisukuma ikiwa imelala chini, ardhi inaizuia, kwa hiyo unayeruka ni wewe! Mwanafunzi yeyote aliyekaa macho katika somo la fizikia anaijua hii: kani na kani kinzani. Ndiyo maana watu wa Scadrial husafiri juu ya paa za mji kwa kurusha sarafu, na ndiyo maana mwepesi hasukumani na mzito akashinda. Msomaji aweza kupiga hesabu ya pigano kabla ya kufungua ukurasa unaofuata.

Isitoshe, metali zimepangwa jozi jozi: metali tupu na mchanganyiko wake. Chuma na feleji, zinki na shaba ya manjano, shaba nyekundu na shaba nyeusi. Hapa nakumbuka somo la kemia. Mwaka wa 1869 Mendeleev alipanga elementi akaacha mapengo katika jedwali lake, akasema mapengo hayo yatajazwa. Galiamu ikagunduliwa mwaka wa 1875. Katika Mistborn jambo la namna hiyo linafanywa na mhusika mwenyewe. Msichana Vin anajua kwamba alumini ni metali ya sihiri, lakini hajaijua jozi yake. Anafikiri: ikiwa kila metali ina mwenzake, alumini itakosaje? Anajaribu michanganyiko mpaka anaipata. Kumbe Vin naye ni mkisiaji kama sisi!

Katika kitabu cha tatu, The Hero of Ages cha mwaka wa 2008, ukungu unawaangusha askari kwa ugonjwa, na walioanguka wanafika asilimia 16 kamili, kila kikosi, kila mara. Ugonjwa wa kawaida hauna adabu ya namna hiyo. Anayesoma harakaharaka ataipita namba hiyo. Aliyehesabu metali anashtuka, maana metali za sihiri nazo ni 16. Na vipande vya Adonalsium? Vilevile 16. Namba hiyo ni kama sahihi chini ya barua, bwana.

Sasa nifike penye utamu wenyewe. Scadrial ina sihiri tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kuchoma metali, ambayo humwongezea mtu uwezo kutoka nje yake. Ya pili ni ya akiba: mtu huweka nguvu, uzito au hata afya yake ndani ya bangili ya metali, anaishi mnyonge siku kadhaa, kisha anazitoa siku ya haja. Hapati faida wala hasara. Alichoweka ndicho anachotoa. Ya tatu inatisha. Mtu anachomwa msumari wa metali, uwezo wake unaibwa na kupandikizwa kwa mwingine, na sehemu fulani inapotea njiani. Faida, sawa kwa sawa, hasara. Vipande viwili vilivyoiumba Scadrial ni Uhifadhi na Uangamizi. Sihiri ya faida inatoka kwa Uhifadhi, ya hasara kwa Uangamizi, na ile ya sawa kwa sawa ni ya wote wawili pamoja.

Wasomaji walipoliona hilo walipata ufunguo: tabia ya kipande huonekana katika tabia ya sihiri. Ufunguo ukijaribiwa Nalthis, unafungua. Huko kila mtu huzaliwa na Pumzi moja, nayo ina thamani, hata maskini huiuza. Lakini hakuna awezaye kuipokonya kwa mkono. Unaweza kumtesa mwenyewe, unaweza kumhonga, ila lazima aitamke ruhusa kwa kinywa chake ndipo Pumzi itoke. Na kipande kilichoko Nalthis ni kipi? Ni kile cha Kutunuku! Zawadi haiibwi, ikiibwa si zawadi tena.

(Wewe ambaye hujasoma vitabu vya Roshar, ruka aya mbili zinazofuata, nisije nikalaumiwa.)

Kisio ninalolipenda kuliko yote linahusu mzee mmoja mkali aitwaye Zahel, anayefundisha upanga katika Words of Radiance ya mwaka wa 2014. Mzee huyu ana mazoea ya kuingiza rangi katika misemo na viapo vyake, jambo ambalo watu wa Roshar hawafanyi. Nalthis ndiko sihiri inakonyonya rangi za vitu, na watu wa huko hutaja rangi wakiapa. Basi wasomaji wakauliza: huyu si Vasher wa Warbreaker kweli? Wengine wakacheka, ati unamtambua mtu kwa msemo tu? Lakini fikiri kwa sheria za sihiri. Vasher ni mtu aliyekufa akarudi, na aliyerudi lazima ale Pumzi moja kila wiki ili aendelee kuishi. Nyumbani kwake, kila wiki anayoishi ni Pumzi ya mtu mwingine iliyokwisha. Huko Roshar, dhoruba ikipita, vito vilivyoachwa nje hujaa nuru, bure kwa kila mtu. Ikiwa Pumzi na nuru hiyo ni maji ya kisima kimoja, basi mtu mwenye dhamiri angehamia wapi? Rhythm of War ya mwaka wa 2020 ilipotoka, mzee mwenyewe alikiri asili yake.

Kulikuwa na ushahidi mwingine pia. Mwishoni mwa Words of Radiance unatokea upanga mweusi unaoongea, unaouliza kwa uchangamfu mambo ya kuangamiza uovu. Aliyesoma Warbreaker anautambua papo hapo. Upanga huo ulizoea kula Pumzi. Roshar unakula nuru ya dhoruba bila kusita. Mlaji ni yuleyule, chakula kimebadilika jina.

Elantris nitaigusa tu. Herufi za sihiri za huko zimechorwa kwa kufuata umbo la nchi yenyewe. Tetemeko likaipasua nchi, herufi zikawa pungufu kwa mstari mmoja, na sihiri ikafa. Ndiyo kusema sihiri ya Sel imefungwa mahali, na mwenye kuitumia akienda mbali hudhoofika. Hilo litatufaa hapo mbele.

Sasa lipo jambo linalowagawa wasomaji, na mimi nina upande. Sanderson hupenda kujibu maswali ya wasomaji anapokutana nao, na mashabiki huyahifadhi majibu hayo. Asipotaka kufichua siri hujibu kwa maana ya "soma, utajua", desturi aliyoirithi kwa Robert Jordan, mwandishi wa The Wheel of Time, ambaye kazi yake Sanderson aliimalizia baada ya Jordan kufariki mwaka wa 2007. Wako wanaosema neno la mwandishi ni la mwisho, limeandikwa kitabuni au halikuandikwa. Mimi sikubali. Hapa shuleni nakala moja ya Mistborn huzunguka mikono mingi hadi jalada linalegea. Ikiwa hoja inaamuliwa na maneno aliyoyasema mtu kule Marekani mbele ya foleni ya wenye kununua vitabu, basi mshindi ni yule mwenye njia ya kuyapata, si yule aliyesoma vizuri. Lakini hoja ikiamuliwa na ukurasa, mdogo wetu aliyeingia shuleni mwaka huu na kusoma nakala ile iliyochakaa anaweza kumnyamazisha kiranja mkuu. Mwandishi mwenyewe ameshaonya kwamba asemayo kwa mdomo yaweza kubadilika asubuhi akiandika.

Ndiyo maana napendekeza, tunapobishana, anayetoa kisio aonyeshe ukurasa, kisha aseme ni kitu gani kikitokea atalitupa kisio lake. "Labda kila mtu ni mungu aliyejificha" si kisio, maana hakuna kinachoweza kulipinga.

Nami nitoe langu, mlipige mawe. Yuko mtu aitwaye Hoid. Katika Elantris ni ombaomba, katika Mistborn ni mpasha habari, katika Warbreaker ni msimulia hadithi, na huko Roshar ni mchekeshaji wa mfalme. Kila aendako hukusanya sihiri. Ana Pumzi za Nalthis, amepata uwezo wa metali wa Scadrial, mwishoni mwa Oathbringer ya mwaka wa 2017 anafunga agano na roho ya Roshar, na katika Tress of the Emerald Sea ya mwaka wa 2023 anakubali kulaaniwa ili apate uwezo wa Elantris. Lakini mtu huyuhuyu, Adonalsium ilipovunjwa, alipewa nafasi ya kushika kipande kizima akakataa! Anayekataa shamba zima halafu akazunguka akiokota mahindi punje punje, anatafuta nini?

Kisio langu ni kwamba Hoid hatafuti nguvu, anatafuta sampuli. Kipande kimoja kingemtia tabia moja, akawa Uhifadhi mtupu au Uangamizi mtupu. Punje moja ya kila aina inamwachia akili yake mwenyewe. Hata sihiri ya Sel iliyofungwa mahali, ambayo ni mzigo kwa msafiri kama yeye, bado aliifuata, na hilo halielezeki ikiwa alitaka nguvu tu. Kitakachoniangusha ni siku Hoid atakapopewa bure punje ya sihiri asiyokuwa nayo, akaikataa. Anayeijua kurasa hiyo aje nayo Jumatano, baada ya mdahalo.