UZI: Pembe za ng'ombe, sheria na kelele za siasa

1/ Ukifuatilia siasa za mashinani utakutana na ubishi huu: je, serikali ina haki ya kumwambia mfugaji namna ya kumkata ng'ombe wake pembe? Upande mmoja: "Ni ukatili, upigwe marufuku." Wa pili: "Ni mali yetu, tuachieni." Mimi ni wa Ntimaru, Kuria Mashariki, na naona wote wanaruka swali lenyewe. Twende polepole.

2/ Kwa nini pembe ziondolewe? Ng'ombe hudungana bomani, kwenye josho na ndani ya lori la kwenda mnadani. Huumiza watu pia, hasa watoto wanaochunga. Ngozi iliyotoboka haina bei. Lakini pembe zina kazi: ndizo tunazofungia kamba ya ng'ombe wa kulima, na ndizo anazojikingia malishoni. Kwa hivyo si kila ng'ombe wa kuondolewa.

3/ Jambo kubwa ni umri. Kwa ndama wa chini ya miezi 2 hivi, pembe ni kichipukizi tu kwenye ngozi, bado hakijashikana na fuvu. Kinachomwa kwa chuma cha moto na pembe haioti tena. Akikua, pembe inaungana na fuvu, na baadaye uwazi ulio ndani ya fuvu unaingia mpaka kwenye pembe. Ukipitisha msumeno hapo, umefungua tundu kichwani: damu, usaha, nzi, funza.

4/ "Ndama mdogo hasikii uchungu." Si kweli, anausikia. Ila kuna neva inayopita kati ya jicho na pembe. Ikidungwa ganzi, ukangoja dakika kadhaa, kazi inafanyika bila mapambano. Ganzi ikiisha uchungu unarudi, ndiyo maana anahitaji pia dawa ya kutuliza maumivu.

5/ "Hizi ni sheria mpya za kutuletea." Hapana. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo tangu miaka ya 1960. Inakataza kumfanyia mnyama upasuaji bila uangalifu na utu. Adhabu: faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania walitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Uingereza, kumkata ng'ombe pembe bila ganzi ni kosa kwa miongo mingi sasa.

6/ Ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti ufugaji pamoja na udhibiti na ustawi wa wanyama. Sera ya mifugo ya taifa iko Nairobi. Na kwa sheria ya mwaka 2011, wanaotibu mifugo lazima wawe wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kwa hivyo mwanasiasa wa kaunti akikwambia "hilo ni la Nairobi", mkumbushe Jedwali la Nne.

7/ Sasa pagumu. Sheria inadai ujuzi na dawa. Mhudumu wa mifugo asipofika kijijini, mfugaji atamwita jirani mwenye msumeno, tena ng'ombe akiwa ameshakomaa. Ukimtoza faini bila kumpa huduma, umemwadhibu kwa kukosa pesa. Ukimwachia kabisa kwa jina la mila, anayelipa ni ndama. Kutetea mila hakugharimu bajeti, na marufuku ya mdomoni pia haigharimu. Ndiyo maana zote mbili zinapendwa jukwaani.

8/ Msimamo wangu: kanuni iseme umri, iseme ganzi, na huduma ije kabla ya faini. Siku ya chanjo watu tayari wameleta mifugo. Ndama wadogo wangeshughulikiwa hapo hapo.

9/ Kwa hivyo anayeomba kura Ntimaru Mashariki au Ntimaru Magharibi, muulizeni matatu:
– Wadi hii itakuwa na wahudumu wangapi wa mifugo, na mafuta ya pikipiki yatatoka wapi?
– Ganzi na dawa ya maumivu ziko kwenye bajeti gani?
– Mfugaji atalipa ngapi kwa ndama mmoja?

Akikosa majibu akaanza hotuba ya mila au ya ukatili, mjue bado hajafika kwenye swali. Mkipata majibu, yawekeni hapa chini tuyalinganishe.