"Ufuatiliaji" si "Utafiti": Istilahi za Planktoni wa Baharini

1. Utangulizi

Maneno "utafiti", "ukaguzi" na "ufuatiliaji" hutumiwa mara kwa mara kana kwamba yana maana moja. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halidhuru. Katika hati za serikali na vitabu vya sayansi hudhuru, kwa sababu kila neno humweleza msomaji kazi ya namna yake, muda wake na gharama yake. Katika makala hii tutaonyesha tofauti hiyo kwa mfano mmoja, yaani kazi ya kufuatilia planktoni wa Atlantiki ya Kaskazini, iliyoanza mwaka 1931 na ambayo ingali inaendelea.

2. Maana ya "planktoni"

Neno hili liliingizwa katika sayansi na Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni chenye kutangatanga. Planktoni, basi, ni viumbe wa majini wachukuliwao na mkondo kwa kuwa hawana nguvu ya kushindana nao. Yafaa isisitizwe kwamba sifa inayowatambulisha si udogo, bali ni huko kuchukuliwa na maji. Yavuyavu, anayejulikana sana na wavuvi wa pwani, ni planktoni ingawa aweza kuwa mkubwa kama sinia. Kwa hiyo tafsiri ya "vidudu vidogo vya baharini" haitoshi. Tena huwaacha nje planktoni mimea, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kuwalisha wengine.

3. Mfano wa Atlantiki ya Kaskazini

Chombo cha kuwanasa planktoni kilibuniwa na Mwingereza Alister Hardy kwa ajili ya safari ya meli Discovery katika bahari za kusini, 1925 hadi 1927. Mwaka 1931 chombo kilichoboreshwa kilianza kukokotwa na meli ya biashara katika Bahari ya Kaskazini. Tangu hapo meli za biashara zimekuwa zikikikokota katika safari zao za kawaida, yapata mita 7 chini ya uso wa maji. Maji huingia kwa tundu dogo na kupita katika shashi ya hariri, ambayo huwanasa planktoni. Rafadha inayozungushwa na mwendo wa maji huivuta shashi hiyo polepole. Shashi ya pili huifunika, na zote mbili huviringwa ndani ya fomalini ili viumbe wasioze. Baadaye shashi hukatwa vipande, kila kimoja kikiwakilisha maili 10 za baharini, na viumbe huhesabiwa kwa hadubini.

Thamani ya kazi hii imo katika kurudiwa kwake kwa njia ile ile. Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kwamba kopepodi wa maji ya vuguvugu, ambao ni planktoni wanyama, walikuwa wamesogea kaskazini kiasi cha digrii 10 za latitudo katika muda wa miaka 40 hivi, bahari ilipokuwa ikipata joto. Mwaka 2004 watafiti wengine walizifungua shashi zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960, wakakuta chembe za plastiki zikiongezeka. Aliyeihifadhi shashi mwaka 1965 hakuwa akitafuta plastiki.

4. Umuhimu wa kutenganisha istilahi

Hapa ndipo tofauti ilipo. Utafiti huanza na swali, na jibu likipatikana humalizika. Ufuatiliaji hupima kitu kile kile mfululizo, hata kabla ya swali kujulikana. Afisa anayesoma "mradi wa utafiti" katika makadirio ya fedha ana haki ya kuuliza utakwisha lini, na kazi isiyokwisha kwa miaka 50 ataiona kuwa ni uzembe. Kazi ya Atlantiki yenyewe ilikatizwa na vita kuanzia 1939 hadi 1946. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha, ikaokolewa na shirika la hisani lililoundwa mwaka 1990. Mwaka usiopimwa haurudi, na pengo lake halizibiki kwa fedha zitakazotolewa baadaye.

5. Mapendekezo

(a) Ufuatiliaji: upimaji wa jambo lile lile, kwa njia ile ile, kwa muda mrefu.
(b) Utafiti: kazi ya kutafuta jibu la swali lililokwisha kuwekwa.
(c) Ukaguzi: kulinganisha hali iliyopo na sheria au kanuni.
(d) Planktoni: viumbe wachukuliwao na mkondo. Neno lifuate upatanisho wa viumbe wenye uhai: planktoni huyu, planktoni hawa.
(e) Planktoni mimea, planktoni wanyama: majina ya makundi mawili makuu.
(f) Mfululizo wa takwimu: vipimo vya ufuatiliaji vilivyopangwa kwa kufuatana kwa wakati.

Tunawaomba walimu na wafasiri walio pwani watuletee majina ambayo wavuvi huwapa viumbe hawa, pamoja na maelezo ya kila jina na mahali linapotumika, ili istilahi zitakazofuata zitokane kwanza na hazina ya lugha yenyewe.