Baiskeli na mbwa katika njia moja: Nani ampishe mwenzake?

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, katika njia ziteremkazo kutoka vilima vya Ngong kuelekea Ewuaso Kedong, Kaunti ya Kajiado, baiskeli na mbwa hukaa zizi moja kila uchao, na hakuna lango wala bawabu wa kuamua ni nani ampishe mwenzake.

Mzozo baina yao hujirudia kwa sura ile ile. Mwendesha baiskeli aliyekwea mlima kwa jasho huachia breki afikapo kwenye mteremko. Mbele yake mchungaji anavusha mbuzi, na mbwa wake wako kando ya njia. Mbwa mmoja aona kitu kinachopita kwa kasi karibu na kundi, naye afanya lile alilozaliwa kulifanya: akifukuze. Muda si muda mtu yumo vumbini, na maneno makali yanarushwa.

"Mbona humfungi mbwa wako?" auliza mmoja.

"Mbona hupunguzi mwendo?" ajibu wa pili.

Maswali yote mawili ni ya haki. Ugumu uliopo ni kwamba kila upande humtwika mwenzake lawama yote, ilhali tabia ya mnyama, mwendo wa baiskeli na sheria za nchi zaonyesha kwamba mzigo huo ni wa wote wawili.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini mbwa hufukuza baiskeli. Mbwa ana silka ya kuwinda, na kitu kinachomkimbia huiamsha silka hiyo hata kama ameshiba na ni mpole nyumbani kwake. Zaidi ya hayo, mbwa wa boma hufunzwa tangu utotoni kwamba kila kigeni kinachokaribia mifugo ni adui. Katika nchi ambayo fisi na chui bado huzuru mazizi usiku, mbwa asiyebweka hana kazi. Machoni pake, mwanamichezo mwenye kofia ngumu na miwani myeusi hatofautiani sana na fisi.

Upande wa pili, mwendesha baiskeli hana budi kuzingatia hesabu. Mtu atembeaye kwa miguu huenda takriban kilomita tano kwa saa. Baiskeli inayoteremka kwa kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita nane katika kila sekunde moja. Mchungaji akishtuka, ageuke na kumwita mbwa wake, sekunde mbili au tatu zitakuwa zimekwisha, na baiskeli imeshakwenda zaidi ya mita 16. Kwa hivyo, anayedai kwamba mwenye mbwa angemwita mapema husahau kwamba yeye mwenyewe hakumpa nafasi ya kufanya hivyo.

Laiti hasara ingekuwa magoti yaliyochubuka tu, jambo hili lisingestahili kuandikiwa makala. Lakini jino la mbwa laweza kubeba kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kaburini. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na ugonjwa huo, wengi wao barani Afrika na Asia. Asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na watoto walio chini ya umri wa miaka 15 ni sehemu kubwa ya waathiriwa.

Nchini Kenya, kisa cha kwanza kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa, viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2014, serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wenye shabaha ya kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo kufikia mwaka 2030. Nguzo kuu ya mkakati huo ni chanjo: wataalamu husema mbwa saba kati ya kila kumi katika eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika.

Kwa sababu hiyo, yeyote aliyeumwa hapaswi kupoteza wakati akibishana juu ya nani mwenye kosa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mhasiriwa aende hospitalini siku iyo hiyo ili apimwe kama anahitaji chanjo. Aidha, mbwa asiuawe kwa hasira na kuzikwa. Mbwa afungiwe na achunguzwe na daktari wa mifugo kwa siku kumi. Akibaki hai na mzima, hiyo ni dalili kwamba hakuwa na uwezo wa kuambukiza alipouma. Matibabu ya mtu aliyeumwa, hata hivyo, hayapaswi kungoja siku hizo zipite.

Je, mahali pengine wamelitatuaje jambo hili? Kuna mifano miwili ya karibu, na kila mmoja wafuata njia yake.

Wa kwanza ni Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, iliyoanzishwa mwaka 1984. Hiyo ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambako mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Mbwa wa nyumbani, kwa upande mwingine, haruhusiwi kuingia katika mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Katazo kama hilo lina sababu nzito. Mwaka 1994, ugonjwa wa virusi ambao wanasayansi waliuhusisha na mbwa wa vijijini uliwaua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, nchini Tanzania. Katika Hell's Gate, basi, mzozo wa baiskeli na mbwa haupo kwa kuwa mmoja wao amefungiwa nje.

Mfano wa pili ni Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000. Ni msitu ule ule ambao Wangari Maathai alijeruhiwa akiutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mnamo Januari 1999. Leo msitu huo umezungushiwa ua, una malango na walinzi, na hupokea watembeao kwa miguu, wakimbiaji, waendesha baiskeli na wenye mbwa. Huko wote wanaruhusiwa, lakini kwa masharti: mbwa sharti awe amefungwa kamba, na baiskeli zina njia zake. Mgeni hulipa ada na kuzikuta kanuni langoni kabla hajakanyaga ndani.

Uingereza nayo, yenye wingi wa baiskeli na mbwa pia, imeliandika jambo hili katika kanuni zake za barabara. Kifungu cha 56 chamtaka mwenye mbwa atumie kamba fupi katika njia inayotumiwa pia na baiskeli. Neno "fupi" lina uzito wake, kwani kamba ndefu iliyokatiza njia ni mtego unaoweza kumwangusha mwendesha baiskeli na kumnyonga mbwa kwa wakati mmoja. Kanuni hizo, zilivyorekebishwa mwaka 2022, zamtaka naye mwendesha baiskeli apunguze mwendo panapohitajika anapowapita waendao kwa miguu, na awajulishe kwa kengele au kwa sauti ya upole kwamba anakuja.

Ewuaso Kedong haifanani na Hell's Gate wala Karura. Mbwa hawezi kufukuzwa katika malisho ambako yeye ndiye mlinzi wa mali ya mwenyewe. Wala mbwa anayechunga hawezi kufungwa kamba kutwa nzima, kwani hapo atakuwa hachungi tena. Na baiskeli nayo si ya watalii wa Jumapili pekee. Kwa kijana anayekwenda shuleni au mama anayepeleka bidhaa sokoni, ndilo gari lake.

Isitoshe, ardhi yenyewe inapungua. Ranchi za jamii zilizoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa kwa wingi kote Kajiado, na upande wa Kitengela ugawaji huo ulifungua mlango wa ploti, nyua na mageti. Kila ua unapoongezeka, mifugo na watu husukumwa kwenye ukanda mwembamba uliosalia, yaani barabara na kingo zake. Katika maeneo ya namna hiyo, barabara imegeuka kuwa malisho, uwanja wa mazoezi na bustani ya umma kwa pamoja. Nyuma ya nyua hizo mpya wamo mbwa wengine, wa ulinzi, ambao geti likiachwa wazi huihesabu barabara yote kuwa ni yao.

Hata pasipo lango, nchi haikosi sheria. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha au kuweza kumdhuru mtu, kinamtaja anayeendesha chombo kizembe katika njia ya umma. Kifungu hicho hicho, mistari michache baadaye, kinamtaja anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Sheria, kwa maneno mengine, imewakalisha mwendesha baiskeli na mwenye mbwa katika benchi moja. Ipo pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, iliyotungwa mahususi kwa ajili ya kuudhibiti ugonjwa huo.

Katiba ya mwaka 2010 nayo ilienda hatua zaidi. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, liliwapa magavana na mabunge ya kaunti jukumu la kudhibiti wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Sehemu hiyo hiyo iliwapa barabara za kaunti, bustani za kaunti na maeneo ya burudani. Mambo matatu yanayogongana njiani, yaani mbwa, barabara na mahali pa kupumzikia, yote yamewekwa katika kapu moja. Kaunti haihitaji idhini ya mtu kutoka Nairobi ili kuweka kibao kwenye mteremko, kupanga siku ya chanjo sokoni au kuwadai wenye ploti wafunge mageti yao.

Hadi hayo yatendeke, kazi inabaki kwa watu wenyewe. Mwenye mbwa wa matembezi amfunge kamba fupi, hasa vilimani. Mwenye ploti afunge geti. Mchungaji awachanje mbwa wake na kuwafunza kuitikia mwito. Mwendesha baiskeli apunguze mwendo aonapo mifugo, hata kama mteremko unamshawishi. Na mbwa akimfukuza, asishindane naye mbio wala kumpiga teke. Ashuke, aiweke baiskeli kati yake na mnyama, asimkodolee macho, kisha aondoke polepole. Mara nyingi mbwa huchoka na kitu kisichokimbia.

Liko jambo moja zaidi, lisilogharimu hata senti. Katika nchi ya Wamaasai, kumpita mtu njiani bila kumsalimu ni utovu wa adabu tangu enzi za mababu, na baiskeli haikuja na ruhusa ya kuivunja desturi hiyo. Anayeita "Sopa!" kutoka mbali humpa mchungaji zile sekunde mbili tatu anazozihitaji, na humwonyesha mbwa kwamba bwana wake anamjibu mgeni huyo kwa utulivu. Sheria yaweza kuchelewa bungeni, na kibao chaweza kung'olewa usiku. Salamu ikitolewa mapema, mbwa huitwa, breki hukamatwa, na kila mtu hufika aendako akiwa mzima.