Taa ya ABS ikikataa kuzima: Chunguza haya kabla ya kununua pampu

MADEREVA wengi wa magari yaliyozeeka wameizoea taa ndogo ya manjano yenye herufi ABS inayowaka kwenye dashibodi kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa kuwa gari bado husimama breki zinapokanyagwa, wao huiona taa hiyo kama pambo.

Wengine hukimbilia gereji ambako fundi, pasipo kupima chochote, huwaambia kuwa pampu imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Pampu hununuliwa, hufungwa, na taa huendelea kuwaka vilevile.

Mienendo yote miwili ina gharama. Wa kwanza humwacha dereva bila kinga siku ya mvua, na wa pili humwacha bila fedha. Ukweli ni kwamba chanzo cha taa hiyo mara nyingi huwa kitu kidogo: fyuzi, waya uliokatika, matope au kutu karibu na gurudumu.

Suala hili lina uzito hapa nchini kwa sababu magari mengi tunayoendesha huingia yakiwa yametumika kwingine. Sheria huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane kuingizwa. Gari lililofika likiwa na miaka saba na kutumika hapa kwa miaka kumi lina miaka 17 ya vumbi, mvua na mashimo ya barabarani.

JINSI MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Kazi ya ABS ni kuzuia magurudumu yasikwame breki zinapokanyagwa kwa nguvu. Gurudumu lililokwama huteleza, na gari ambalo magurudumu yake ya mbele yanateleza halitii usukani. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo wa aina hii unaoongozwa kwa elektroniki mnamo 1978, na magari ya Mercedes-Benz yakawa ya kwanza kufungwa.

Katika magari mengi, kila gurudumu lina kihisi, ambacho mafundi wetu hukiita sensa. Kihisi hicho hukaa karibu sana na pete yenye meno inayozunguka pamoja na gurudumu. Meno yanapopita, kihisi hutuma mawimbi ya umeme kwa kompyuta, nayo hukokotoa kasi ya kila gurudumu.

Gurudumu moja likianza kupunguza kasi ghafla kuliko mengine, kompyuta huamuru vali zilizo chini ya boneti zipunguze shinikizo la mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo, kisha zilirejeshe. Jambo hili hutendeka mara kadhaa kwa sekunde moja, na ndilo husababisha mtetemo ambao dereva huuhisi mguuni.

Ufunguo unapogeuzwa, kompyuta hujikagua. Taa huwaka kwa sekunde chache kisha huzima. Isipozima, maana yake ni kwamba kompyuta imegundua hitilafu na imeuondoa mtambo kazini. Breki za kawaida hubakia, lakini magurudumu sasa yanaweza kukwama.

MANJANO SI NYEKUNDU

Ni muhimu kutofautisha taa ya ABS na taa nyekundu ya breki. Ya manjano ikiwaka peke yake, unaweza kuendesha kwa uangalifu hadi kwa fundi. Nyekundu ikiwaka, hakikisha kwanza kwamba breki ya mkono imeteremshwa kabisa. Ikiwa imeteremshwa na taa haizimi, egesha gari mahali salama na uangalie mafuta ya breki.

Taa hizo mbili zikiwaka pamoja, hatari huongezeka. Huenda mafuta yamepungua sana, au uwezo wa gari kugawa nguvu za breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umepotea. Magurudumu ya nyuma yakikwama kabla ya yale ya mbele, gari huweza kugeuka mzimamzima barabarani. Gari la namna hiyo halifai kuendeshwa.

Kuna dalili nyingine ambayo wanunuzi wa magari huipuuza: taa isiyowaka kamwe. Wapo wauzaji ambao huichomoa balbu au kuifunika ili gari lionekane zima. Unapokagua gari, geuza ufunguo na uitazame dashibodi. Ikiwa gari lina ABS na taa yake haikuonekana hata kwa sekunde moja, uliza sababu kabla ya kutoa pesa.

ANZA NA YALIYO RAHISI

Kwanza, tazama chombo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama, usiongeze tu na kufunga boneti. Kwa kawaida hupungua kwa sababu pedi za breki zimelika au kuna mahali yanapovuja. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa mfano DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini au ya usukani yakitiwa humo huharibu mipira yote ya breki.

Pili, kagua fyuzi. Mtambo huu huwa na fyuzi zaidi ya moja: ndogo ya kompyuta, na kubwa ya pampu ambayo kwa kawaida hukaa katika kisanduku cha chini ya boneti. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusana na bodi, na dawa yake si fyuzi kubwa zaidi.

Tatu, pima betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzuri iliyojaa huonyesha takribani volti 12.6, injini ikinguruma, altaneta inapaswa kuipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukishuka, kompyuta ya ABS hujiondoa kazini. Gari ambalo taa yake huwaka usiku tu, wakati taa kubwa na vifutio vya kioo vinatumika, lina uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo hili.

Wakati ambapo taa huwaka nao ni ushahidi. Ikibaki imewaka tangu ufunguo unapogeuzwa, shuku fyuzi, relei au waya uliokatika. Ikizima kisha kuwaka tena baada ya gari kusonga mita chache, shuku kihisi au pete ya gurudumu.

ACHA GARI LISEME

Kabla ya kufungua chochote, kompyuta yenyewe iulizwe. Huhifadhi nambari inayotaja sehemu yenye hitilafu. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu vingi husoma injini pekee, hivyo mwulize fundi iwapo mashine yake husoma ABS.

Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000, nambari hizo husomeka hata bila mashine. Fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu ya Tc na E1 katika kisanduku cha chini ya boneti, au tundu la 4 na la 13 katika soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani. Ufunguo ukigeuzwa, taa ya ABS humetameta kwa hesabu.

Ikimetameta mara tatu, ikapumzika, kisha mara moja, hiyo ni 31, ambayo katika mengi ya magari hayo humaanisha kihisi cha gurudumu la mbele kulia. 32 ni cha mbele kushoto, 33 cha nyuma kulia na 34 cha nyuma kushoto. Kazi hii ifanywe na anayeyajua matundu hayo, kwani kuunganisha yasiyofaa huweza kuunguza kompyuta.

Hata hivyo, nambari huonyesha mahali pa kutafuta, si kifaa cha kununua. 31 haisemi kuwa kihisi kimekufa. Huenda waya wake umekatika kwa kukunjwa kila usukani unapozungushwa, au soketi imeingia maji, au kihisi kimefunikwa na matope na vumbi la chuma. Beringi iliyolegea pia husogeza pete mbali na kihisi.

Vihisi vya zamani hupimwa ukinzani kwa mita ya umeme. Vingi husoma takribani omu 1,000, lakini kipimo bora ni kulinganisha cha kulia na cha kushoto. Kama kimoja hakisomi lolote, waya umekatika ndani. Magari mapya zaidi hutumia vihisi vinavyolishwa umeme na kompyuta, navyo havipimwi kwa njia hii.

Pete nayo hupasuka kwa kutu au hukosa jino. Dalili yake ni pedali kutetemeka unapokaribia kusimama polepole penye lami kavu, hata taa isipowaka. Na ikiwa taa ilianza kuwaka baada ya ekseli kubadilishwa, linganisha mpya na ya zamani: ziko zinazouzwa bila pete. Tairi moja ya ukubwa tofauti nayo huidanganya kompyuta kuhusu kasi.

Haya yote yakishakaguliwa ndipo pampu na kompyuta zishukiwe. Hata hapo, viungo vya waya wa ardhini vikwanguliwe kutu kwanza. Ukilazimika kununua pampu iliyotumika, nambari yake ilingane na ya zamani, na hewa itolewe ipasavyo kwenye mabomba ya breki.

WAKATI UNAPOSUBIRI

Dereva ambaye ABS yake haifanyi kazi aongeze umbali kati yake na gari lililo mbele, hasa mvua inaponyesha. Magurudumu yakikwama, aachilie pedali kidogo kisha aikanyage tena ili usukani urudi mikononi mwake. Mwenye ABS nzima hufanya kinyume: hukanyaga kwa nguvu, hushikilia, na hujali usukani bila kuogopa mtetemo.

Wala asidhani kwamba ABS hufupisha safari ya kusimama kila mahali. Kwenye barabara za changarawe, gari lenye ABS huweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, kwa sababu magurudumu hayachimbi na kujirundikia kokoto mbele yake. Faida yake kuu ni kumwezesha dereva kukwepa kilicho mbele.

Gari likirejeshwa kutoka gereji, dai kifaa cha zamani kilichoondolewa. Kisha geuza ufunguo: taa inapaswa kuwaka, kuzima, na kubaki imezima unapoliendesha. Isipowaka kabisa, usilipe kabla ya dashibodi kufunguliwa mbele ya macho yako.