Madeni Yanapopandisha Presha Ofisi ya Walimu

Wiki hii tuweke pembeni stori za mapenzi, tuingie ofisi ya walimu. Usicheke! Mimi mwenyewe ni mwalimu wa sekondari hapa Dar, na yaliyotukuta si ya kuchekea.

Mwaka jana mwenzetu wa hisabati, mtu wa masihara kupita maelezo, alianguka mbele ya kidato cha pili, chaki mkononi. Presha! Wala hakujua kama anayo. Alipona, lakini mkono wa kulia mpaka leo unamgomea. Ubaoni anaandikiwa na wanafunzi.

Mkuu wa shule akaniita: "Madam, wewe ndiye mpenda mazoezi. Hebu tupangie mpango wa afya ya wafanyakazi."

Nikatoka kifua mbele. Fulana, muziki mnene, mchakamchaka kila Jumamosi! Si hata Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, Desemba 2016 aliwahimiza Watanzania wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi?

Jumamosi ya kwanza tulikuja 19. Ya pili, 7. Ya tatu nilikuwa mimi na mlinzi, naye alikuwa zamu!

Mama yetu wa jikoni ndiye aliyenichana: "Mwalimu mwanangu, kwani ulituuliza tunaumwa nini?" Niliishiwa pozi.

Basi nikachukua boksi la chaki, nikatoboa tundu. Kila mfanyakazi, mwalimu, karani, mpishi na mlinzi, aandike bila jina kinachomnyima raha kazini. Nilitegemea vitambi. Wapi! Zilitoka koo kukauka, miguu kuvimba kwa kusimama, moshi wa kuni jikoni. Na karatasi nyingi kuliko zote zilisema neno moja: madeni. Ile mikopo ya mtaani iliyobatizwa "kausha damu". Sasa mtu anayemkimbia mdai wake, utamkimbiza mchakamchaka gani tena?

Tukaanza upya. Kama na kazini kwenu mnataka kujaribu, fanyeni hivi:

Kwanza, pimeni. Muuguzi wa zahanati ya jirani anatosha. Kipimo kikifika 140/90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, ni habari ya kumwona daktari. Majibu ni siri ya mwenyewe. Bosi akichungulia hata moja, watu hawaji tena.

Pili, anzeni na vidogo. Ndoo ya maji safi ofisini kwa ajili ya koo. Kiti darasani. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, basi toeni kopo la chumvi mezani. Mazoezi? Nusu saa ya kutembea haraka, siku tano kwa wiki. Shuka daladala kituo kimoja kabla.

Tatu, tumieni muda wa kazi. Jumamosi ya mwalimu ni ya kufua, watoto na tuisheni.

Nne, gusa mfuko. Sisi tuna kibubu cha hiari, shilingi 5,000 kwa wiki. Mwenye shida anakopa humo, hakimbilii kausha damu.

Na msiwaogope wakubwa. Tangu 2014 kuna mwongozo wa serikali wa kudhibiti UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukizwa mahali pa kazi katika utumishi wa umma. Muulizeni mkuu wenu kama ameusoma.

Najua unajiuliza: na huyu mpenda mazoezi alipimwa? Nilipimwa. Mashine ikasoma 158/102. Nikamwambia muuguzi mashine yake mbovu. Nikarudi wiki iliyofuata, ikasoma vilevile. Leo nameza kidonge kila asubuhi kabla ya kengele.

Wewe mwenzangu, mara ya mwisho ulipima lini?

Tukutane wiki ijayo!