Jina la Bosco

Watoto, hapa Hewa Bora mwalimu akiita "Jean Bosco!", wawili watatu huitika pamoja. Lakini Bosco kwanza lilikuwa jina la ukoo. Zamani huko Italia, mtu aliyekaa karibu na mwitu aliitwa kwa mwitu huo, na mwitu kwa Kiitalia ni bosco. Wanawe wakalirithi. Yohane Bosco, mtoto wa wakulima, alizaliwa mwaka 1815. Wasalesiani wake walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911; na jina la baba yake likaingia katika vitabu vyetu vya ubatizo. Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo. Kina Jean Bosco wakafutwa katika karatasi za serikali. Nyumbani, mama zao waliendelea kuwaita Bosco.