Kutoka Kavimvira Hadi Kalundu kwa Miguu

Katika siku tatu ambazo mimi na mke wangu tuliuzunguka mji wa Uvira kwa miguu, mwezi wa Julai mwaka 2019, hapana swali tuliloulizwa mara nyingi kuliko hili: "Muzee, munatafuta nani?" Lilitoka kwa vijana wa pikipiki waliopunguza mwendo wakidhani tumepungukiwa na nauli, na kwa akina mama wenye mabeseni ya samaki vichwani, na kwa mzee mmoja aliyekaa barazani akishona wavu, ambaye, alipojibiwa kwamba hatumtafuti mtu, tunatembea tu, alitutazama kwa huruma akauliza kama marehemu alikuwa ndugu yetu wa karibu. Wala hakukosea. Mahali ambapo mguu ni chombo cha kazi kama jembe au kafi, watu wawili wa makamo wanaokwenda polepole, mikono mitupu, wakisimama kutazama ukuta, hawana budi kuwa wafiwa au wadai wa deni.

Tulitoka Kigoma kwa tafrija. Wazungu wana desturi ya kuchukuana mume na mke majira ya baridi, wakaenda mji wa mbali kukanyaga mawe yake kwa siku mbili tatu, nami niliona si haramu kuiga lililo jema, madhali kipupwe chetu huja wakati wao wanaota jua. Baridi ya Uvira, kusema kweli, ni ya alfajiri tu: upepo huteremka kutoka milima ya Mitumba kabla ya jua, mtu akajifunika kitenge mabegani, na ikifika saa tatu hana haja nacho tena. Mke wangu, ambaye alilelewa Bukavu, juu kule ambako watoto huenda shule wamevaa sweta, aliniona nikijikunyata akacheka: "Baba watoto, hii nayo unaiita baridi?"

Mji wenyewe haukuumbwa kwa duara kama miji mingine. Mlima unausukuma kutoka magharibi, ziwa linauzuia mashariki, nao umejinyosha baina ya viwili hivyo kama kamba ya kuanikia nguo, kutoka mpaka wa Burundi upande wa Kavimvira hadi bandari ya Kalundu kusini, na uti wake wa mgongo ni Barabara ya Taifa namba 5, ile itokayo Bukavu kuelekea Baraka na Fizi. Kwa hiyo mtembezi hana khiari ya kupotea. Kipimo chake cha masafa ni mito: Kavimvira kwanza, kisha Mulongwe, kisha Kalimabenge, yote ikishuka mlimani kwa mbio fupi na kumwagika ziwani. Wakati wa kiangazi ni mito ya dhihaka. Tulisimama darajani Mulongwe tukatazama chini, maji yakawa kiasi cha kulowesha kifundo cha mguu, wanawake wakifua, watoto wakiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Na mawe yale, mengine makubwa kupita mbuzi, yalilala katikati ya mji bila mtu kuuliza nani aliyeyaleta. Mimi sikuuliza. Mke wangu aliuliza, nami nikamjibu kwa ujuba wa mume anayejua kila kitu kwamba yalikuwako tangu zamani.

Asubuhi ya pili tuliacha barabara tukashika ufuko. Ndagala walikuwa wameanikwa juu ya nyavu chakavu, wengi hata mchanga ulionekana kama umemwagiwa fedha, na mama mmoja alikuwa akiwageuza kwa fagio la njukuti, polepole, asije akawavunja vichwa. Mke wangu alichuchumaa karibu naye. Akaonyeshwa jinsi ndagala mwema anavyojulikana: akikunjwa hukatika kwa mlio, na jicho lake hubaki jeupe; aliyelazwa na unyevu huwa wa manjano na hujikunja kimya. Sisi wa Kigoma humwita dagaa na hudhani hakuna atushindaye kumjua, walakini nakiri kwamba mimi sikupata kumsikiliza dagaa akivunjika. Mama yule alitueleza pia kwa nini kulikuwa na mitumbwi mingi ufukoni: mwezi ulikuwa mpevu. Wavuvi huwavuta samaki kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri, na usiku wa mbalamwezi taa hizo hazina ufalme. Basi wavuvi hulala, nyavu hushonwa, na bei hupanda.

Hapo ufukoni nilimsimulia mke wangu habari ya wasafiri wawili waliofika Uvira kabla yetu. Mwishoni mwa Aprili 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walifika kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitaka jambo moja tu: kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Kama unatoka, walifikiri, huenda ndio mwanzo wa Nili. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata kusema kwake ni kwa taabu. Speke alikuwa ameugua macho. Wana wa chifu wa Uvira wakawaambia waziwazi kwamba mto unaingia, na wenye mitumbwi wakakataa kwenda mbele, hivyo wakarudi bila kuuona mdomo wake. Wawili hao baadaye walifarikiana kwa uadui juu ya jambo hilohilo la asili ya Nili, hata Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya kukutanishwa mbele ya wanachuoni. Ilibidi waje wawili wengine, Livingstone na Stanley, Novemba 1871, kuuthibitishia ulimwengu yale ambayo vijana wa Uvira walikwisha kuyasema bure miaka kumi na mitatu nyuma.

Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wanaume wanne ni wengi mno kwa kazi ya kutazama maji yanakwenda wapi.

Siku hiyohiyo kanda ya kiatu chake ilikatika, na nikasema neno ambalo si la kuandikwa gazetini, maana nilikwisha kumwonya tangu Kigoma juu ya viatu vile. Tulitembea kama nusu saa bila kusemezana, yeye akichechemea mbele, hata tukamkuta fundi chini ya mwembe ambaye alishona kanda ile kwa uzi wa wavu wa samaki, akakataa kuharakishwa, na akatuuliza, kama ilivyo ada, tunamtafuta nani. "Tunatafuta Kalundu," alijibu mke wangu, nasi tukapatana.

Kalundu tulifika alasiri, tukala mukeke wa kuchoma, ambaye kwetu ni mgebuka, kwa ugali wa muhogo na sombe, tukitazama maboti ya mbao yakipakiwa. Mbele yetu ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi ya kiangazi, kwa kuwa miezi hiyo upepo wa kusini hulisukuma tabaka la maji ya juu, lenye joto, kuja huku kaskazini. Na yule atazamaye buluu ile akikumbuke kina chake, mita 1,470, ambacho duniani kinapitwa na Baikal peke yake. Kisha nikaona ajabu ambayo hakuna aliyenitajia. Jua la Uvira huibwa na mlima kabla ya wakati wake: kivuli kilishuka, kikapita barabara, kikapita juu ya sahani zetu, kikaingia majini, ilhali ng'ambo milima ya Burundi ilikuwa bado inawaka kama saa kumi. Kwa muda mrefu tulikaa gizani tukitazama mchana wa watu wengine. Hatimaye mwenye hoteli akatusihi tuondoke ufukoni, kwa sababu viboko hutoka kula majani mara baada ya magharibi, nao hawaulizi mtu anamtafuta nani.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, miezi tisa baadaye, mvua ilinyesha milimani na mto Mulongwe ukashuka na mawe. Maelfu ya nyumba yalibomoka, makumi ya watu walikufa, na mwaka uliofuata ziwa lenyewe likapanda na kuingia katika nyumba za ufukoni. Mke wangu alisoma habari hizo, akanitazama, wala hakunikumbusha jibu nililompa darajani.

Tangu hapo vita pia vimepita njia ile. Basi wewe msomaji utakayependa kuifuata, uliza kwanza habari za amani na za madaraja, ondoka alfajiri, vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu wako, na mwenzako akikuuliza mawe yametoka wapi, usimjibu kwa haraka.